Matairi ya Tela la Wake Wawili

Mume wetu alipofariki alituacha wake wawili, watoto wa pande zote mbili, na lori moja. Mimi, mke mkubwa, nilikuwa Arua, karibu na mpaka wa Kongo, nikishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Mke mwenzangu alikuwa Koboko, akiuza unga wa muhogo sokoni. Miaka yote hiyo tulichangia mume, hatukuchangia chungu. Tulionana kwenye misiba na harusi, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto, kisha kila mmoja akarudi kwake. Mimi ni Mlugbara, yeye ni Mkakwa. Tulipozungumza, tulizungumza Kiswahili cha huku kwetu, kile cha sokoni na cha kambini, ambacho baba yangu mwanajeshi alikileta nyumbani pamoja na viatu vyake.

Lori lilikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na kichwa, yaani mbele anakokaa dereva, na kulikuwa na tela refu la ekseli tatu, la aina ile inayokaa mgongoni mwa kichwa juu ya sahani nene ya chuma iliyopakwa grisi. Ukifungua komeo, kichwa kinaondoka zake na tela linabaki limesimama kwa miguu yake ya mbele. Mume wetu alipoanza kuugua, alilipeleka lori zima Koboko, akaliegesha nyuma ya nyumba ya mke mwenzangu, akasema anapumzika kidogo. Hakulipanda tena.

Eda ilipokwisha nilipata habari kwamba shemeji yetu, mdogo wa marehemu, amepata mnunuzi wa chuma chakavu. Mtu huyo angekuja na mitungi ya gesi, akate tela vipandevipande, apakie, aondoke. Nilifunga mashine yangu, nikaenda Koboko asubuhi ile ile.

Mke mwenzangu alinipokea mlangoni, mikono yake bado myeupe kwa unga. Hakunikaribisha ndani. Alinizungusha moja kwa moja nyuma ya nyumba, kama mtu anayempeleka mwenzake kumwona mgonjwa.

Tela lilikuwa limeinama kidogo upande mmoja. Kuku walikuwa wamejifanyia makao chini yake. Upande unaopigwa na jua la mchana, matairi yalikuwa yamefunikwa magunia ya zamani, na magunia yenyewe yalikuwa yameliwa na mchwa.

"Ni mimi nilifunika," akasema. "Mzee aliniambia jua inakula mpira. Lakini mchwa pia inakula gunia."

Nilichuchumaa. Mimi ni fundi wa nguo, na kitambaa kilichochoka ninakijua kabla sijakivuta. Niliweka ukucha katika ufa ubavuni mwa tairi, ukucha ukazama. Tairi la pili lilikuwa na nyuzi zinazochungulia, kama shati lililoisha kwenye kola. Upande wenye kivuli hali ilikuwa afadhali, lakini afadhali tu.

"Unataka tuuze?" nikamwuliza.

"Wewe je?"

"Nimekuuliza kwanza."

Alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Hapana. Mimi sitaki."

"Na mimi sitaki."

Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana bila mtu wa tatu kutubebea maneno. Tela lile lilikuwa limewasomesha watoto wangu na wa kwake. Kazi ilikuwepo, kila mtu aliiona: Arua walikuwa wanajenga, Koboko walikuwa wanajenga, na kila kitu cha kujengea kilitoka mbali. Tuliona ujinga kulikata tela zima lenye chuma kizima kwa sababu ya mpira uliochoka.

Tulimwita dereva aliyefanya kazi na marehemu kwa muda mrefu, mzee kutoka upande wa Kongo, wa Ariwara. Alikuja na betri begani, akaifunga, akawasha. Kichwa kilikohoa, kikatoa moshi mweusi, kikanguruma. Yule mzee alikaa mule ndani akitabasamu peke yake kwa muda, kisha akashuka.

"Mashine iko mzima," akasema. "Matairi ya kichwa bado inaweza kutembea. Ila ya tela, mama, hii mutu hawezi kubebea hata majani."

Habari ilienea kwamba lori la marehemu limenguruma. Siku chache baadaye alikuja mkandarasi mmoja aliyemfahamu mume wetu. Alikuwa amepewa kazi ya kujenga wodi ya akina mama huko Ludara, na alitaka mtu wa kumbebea saruji, nondo na mabati kutoka Arua, safari baada ya safari, kabla mvua haijaiharibu barabara ya udongo. Alilizunguka tela polepole mikono ikiwa nyuma. Alipofika kwenye matairi alichuchumaa pale pale nilipochuchumaa mimi.

"Mama zangu," akasema, "kichwa sina shida nacho. Lakini matairi haya yakinipasukia njiani na saruji juu, halafu mvua ikaja, nimekwisha. Wekeni matairi ya kweli kufika Jumatatu ya wiki ijayo, kazi ni yenu. Msipoweka nitatafuta mtu mwingine, na hatutagombana."

Shemeji alikuja jioni hiyo kwa pikipiki ya marehemu, ambayo alikuwa anaiendesha tangu mazishi. Alipoona hatuuzi, hakukasirika sana. Alibadilisha njia. Alisema anaye rafiki Arua mwenye matairi mazuri, yametumika kidogo tu, yametoka nje, meusi yanang'aa. "Ninyi mtulie," akasema. "Mambo ya matairi ni ya wanaume. Nitachagua, mtaletewa."

"Tutakwenda wote," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kuangalia."

Mke mwenzangu alifunga meza yake ya unga, akaja Arua, na kwa mara ya kwanza alilala nyumbani kwangu. Nilimpa chumba cha binti yangu. Tulikuwa wapole mno, kila mmoja akiomba radhi kwa kupita mbele ya mwenzake.

Rafiki wa shemeji alikuwa na uwanja umejaa matairi yaliyopangwa kama nguzo. Kweli yalikuwa meusi, kweli yaling'aa, na meno yake yalikuwa marefu. Shemeji alipiga moja kiganja, akacheka, akatutazama. Mke mwenzangu alipitisha kidole ubavuni mwa tairi. Kidole kilitoka cheusi. Alikinusa, akakileta karibu na pua yangu. Ilikuwa rangi ya viatu.

Nilitoa simu, nikawasha tochi yake, nikaingiza kichwa ndani ya tairi. Ndani kulikuwa na kiraka kikubwa kama kiganja. La pili lilikuwa na mawimbi, mahali ambapo nyuzi zilikwisha kuachana na mpira. Kisha tukatafuta ile tarakimu ya ubavuni ambayo mzee wa Ariwara alituambia tuitafute, ndani ya kijiduara kirefu chenye umbo la yai: wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Tuliifuta rangi kwa mate na kona ya kitenge. Tairi lile lilitoka kiwandani kabla kitindamimba wangu hajaanza shule, na yeye sasa ana ndevu.

Shemeji aliona aibu mbele ya rafiki yake. "Ninyi wanawake mnatafuta nini ndani ya tairi?"

"Tunatafuta sababu ya kutonunua," nikamjibu. "Tumeipata."

Tukaondoka kwa miguu. Tulipofika barabarani mke mwenzangu akacheka, akajishika magoti. "Rangi ya viatu," akasema. "Wangeweka na soksi."

Siku mbili zilizofuata tulizunguka. Hatukujua matairi, na tuliona hakuna haja ya kujifanya tunajua. Tulikwenda penye malori yanayongoja kupakia, kwenye barabara ya kuelekea mpaka wa Kongo, tukawauliza madereva swali moja tu: "Kama tela hili lingekuwa lako, na mtoto wako amekaa juu ya mzigo, ungeweka tairi gani?" Wengine walitania, wakauliza kama tunatafuta mume mwingine. Tulisubiri wamalize kutania, tukauliza tena. Hapo walijibu vizuri, na kwa urefu. Mtu akiulizwa kazi yake kwa dhati, huachi kusikia mpaka jua lichwee.

Dereva mmoja kijana alisifu matairi yasiyo na tyubu. Alisema hayapati moto haraka na yakitobolewa hayaishiwi upepo kwa ghafla. Mke mwenzangu aliyapenda hayo papo hapo. Lakini dereva mwingine, mnene, aliyekuwa anakula chapati kwenye ngazi ya lori lake, alituuliza rimu zetu ni za namna gani. Tukamweleza: za zamani, zenye pete ya chuma pembeni. "Basi sahau," akasema. "Hizo rimu zinataka tairi ya tyubu. Ukitaka ile nyingine, ubadilishe rimu zote. Na wewe unaenda Ludara, unaenda Kuluba. Huko tyubu ikitoboka, fundi yoyote mwenye vyuma viwili anaziba, mnajaza upepo kutoka kwa tangi ya breki ya lori, mnaenda. Ile ingine utakaa hapo ukiangalia ndege."

Tulijifunza kwamba tela halisukumi, linafuata. Meno makubwa ya mabonge ni ya magurudumu yanayosukuma, yale ya nyuma ya kichwa. Tela linataka tairi lenye mistari iliyonyooka kuzunguka, na linataka ubavu mgumu, kwa sababu kwenye kona ekseli tatu haziwezi kupinda pamoja; nyingine zinaburutwa kando, na anayeumia ni ubavu. Mara ya kwanza niliposikia hayo nilikwenda kusimama kwenye kona moja mjini nikangoja tela lenye mzigo lipite. Niliona kwa macho yangu jinsi tairi la mwisho lilivyojikunja kama mguu wa mtu aliyeteguka, kisha likanyooka. Watu walinishangaa. Mimi sikujali.

Kufikia siku ya tatu tulijua tunachotaka. Tatizo ni kwamba kile tulichoweka pamoja, pesa zangu za ushonaji na zake za unga, kilitosha matairi manane, na tela lilihitaji kumi na mawili na moja la akiba.

Tulikuwa tunakula chakula cha mchana nyumbani kwangu, enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, na majani ya kunde. Nilisema tununue manane, tuyaache yale manne ya upande wa kivuli, ambayo hayakuharibika sana.

"Yote," akasema.

"Pesa haitoshi."

"Nasema yote. Tukiweka nusu, tutalala barabarani nusu."

Nilikuwa nimechoka, na maneno yakanitoka. "Wewe kila siku ni kipya tu. Maisha yako yote ni kutaka kipya."

Aliweka tonge chini. Sahani ilikuwa kati yetu na hakuna aliyeigusa. Nilisikia mashine ya jirani ikisaga karanga.

"Dada," akasema polepole, "mimi nilikuja kwa mutu mwenye mke. Kitu gani kipya nilipata? Hata kitanda ilikuwa ya kwako ya zamani."

"Kitanda gani?"

"Ile ya mbao nyekundu. Ina alama ya pasi kwa upande ya kichwa."

Nikabaki nimemkodolea macho. Kitanda kile mume wetu aliniambia amekitoa sadaka kwa bweni la shule. Alama ile niliiweka mimi mwenyewe, nilipoacha pasi ya mkaa juu ya ubao nikikimbilia mtoto. Nilimsifu siku ile kwa ukarimu wake, nikampikia kuku.

"Alikuambia amekinunua wapi?"

"Kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Ila mzee wa Ariwara aliniambia baadaye aliibeba kutoka kwako."

Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Kicheko kilinianza tumboni. Yeye alinitazama akidhani ninalia, kisha naye akaanza. Tulicheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua gauni akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Tangu siku hiyo hatukuombana radhi tena kwa kupita mbele ya mwenzake.

Jioni tulimpigia simu mzee wa Ariwara, tukamweka kwenye spika. Nilimweleza shauri langu la manane na manne.

"Mama, hapana," akasema. "Tairi mpya na tairi ya zamani zikikaa pamoja kwa upande moja, mpya iko mrefu. Hiyo mrefu inabeba yote, ile ingine inapanda tu kama abiria. Halafu ile mpya inapasuka, munasema tairi ni mbaya. Kama munaweka, muweke ekseli mzima, na kama munaweza, muweke yote."

Mke mwenzangu hakunitazama. Ningekuwa mimi ningetazama.

Ndipo tukaanza kutafuta kitu cha kuuza, na wote wawili tukafika mahali pamoja kwa wakati mmoja: pikipiki. Shehe alikwisha kugawa mirathi, na pikipiki ile haikuwa fungu la shemeji. Ilikuwa upande wa watoto. Hakuna aliyekuwa amemwambia airudishe kwa sababu hakuna aliyetaka maneno.

Tulikwenda kwake asubuhi, wote wawili, tukiwa tumevaa vizuri. Alikuwa anaiosha uani. Alituletea viti. Hatukukaa.

"Shemeji," nikasema, "tumekuja kuchukua pikipiki."

"Ya nini?"

"Ya matairi."

Alisimama na kitambaa kilichokuwa kinadondosha maji. "Mtauza kumbukumbu ya ndugu yangu?"

Mke mwenzangu ndiye aliyemjibu. "Ndugu yako alikuwa dereva wa lori, shemeji. Pikipiki alikuwa anapanda kwenda kununua sigara. Ukitaka kumkumbuka, njoo Koboko siku ya kufunga matairi."

Alipangusa kiti cha pikipiki, akapangusa taa, akapangusa mahali palipokwisha kukauka. Kisha akatoa ufunguo mfukoni akauweka mkononi mwangu. "Breki ya nyuma inataka kuangaliwa," akasema, "mwambieni anayenunua." Nilimpenda kidogo kwa maneno hayo.

Pikipiki ilipouzwa, pesa zikatimia. Matairi tuliyoyataka yalikuwa kwenye duka la mfanyabiashara mmoja Mkongo, mtu mwenye kikokotoo kikubwa na sauti ya upole. Saizi ilikuwa yetu, mistari ilikuwa imenyooka, na uzito ulioandikwa ubavuni ulitosha hata kama tela lingejazwa. Alikuwa na mengine yenye mabonge makubwa aliyotaka kutuuzia kwa bei nafuu zaidi. "Iko na nguvu kushinda hii," akasema. Tulimshukuru, tukasema ya mistari. Akaagiza vijana wake wayashushe kutoka stoo.

Tulikaa juu ya matairi yenyewe, tukakagua moja moja kadiri yalivyoshushwa. Tisa yalikuwa ndugu: wiki moja, mwaka mmoja. Matatu yalikuwa na sura ile ile, jina lile lile, lakini tarakimu zilisema yalikuwa yamelala stoo miaka kadhaa zaidi ya wenzao.

"Zote ni tairi moja, mama," akasema mwenye duka.

"Kama zote ni moja," mke mwenzangu akasema, "basi hautaumia ukitupatia tatu kama hizi tisa."

Alitutazama, akatazama saa, akatutazama tena. Hatukuinuka. Wateja waliingia, wakanunua, wakatoka, na sisi tulikuwa tumekaa pale na mikoba yetu mapajani kama tuko kliniki. Mwishowe akatuma mtu ghala lake la pili. Mengine yakaja, na la akiba likiwa miongoni mwake, yote ndugu. Alipotuandikia risiti alicheka mwenyewe akisema anamhurumia mtu aliyetuoa.

"Alikufa," nikamwambia.

Akaomba radhi sana, akatuongezea tyubu moja bure.

Siku ya kufunga, shemeji alikuja kweli. Alikuja kwa miguu kutoka kituoni, akavua shati, akaanza kulegeza nati zilizokuwa zimeshikwa na kutu. Mzee wa Ariwara alisimamia jeki. Mimi na mke mwenzangu tulikaa chini na brashi za waya tukisugua kutu kwenye rimu, maana kutu ikiachwa inatafuna tyubu kutoka ndani. Mikono yangu ilikuwa nyekundu kama ya mtu aliyechinja. Kila rimu ilipofungwa, fundi wa matairi tuliyemwita alipitisha mnyororo mzito kuizunguka kabla ya kutia upepo, na akatuambia tusimame mbali. Ile pete ya pembeni isipokaa vizuri huruka, na ikikupata haikuachii shingo. Watoto wote wa mtaa walifukuzwa. Nilishika pumzi kila mara upepo ulipoanza kuingia, nikaitoa pale pete ilipolia tak ikakaa mahali pake.

Mke mwenzangu alikuwa amenunua kipimo cha upepo cha kwake mwenyewe. Fundi alisema hakihitajiki, yeye hupiga tairi kwa nyundo na kusikia. "Piga," mke mwenzangu akamwambia, "halafu mimi napima." Mawili kati ya aliyoyapitisha kwa nyundo yalikuwa chini ya mengine. Fundi aliongeza upepo.

Jumatatu tulipakia Arua. Mkandarasi alikuwepo na daftari lake, saruji ikapangwa, nondo zikalazwa juu, turubai likafungwa. Mimi na mke mwenzangu tulikaa kwenye kabini pembeni mwa mzee, kwa sababu tulitaka kuona kwa macho. Lami ya kwenda Koboko ilikuwa nzuri. Nilikuwa nasikiliza kila mlio. Mzee aliendesha taratibu, akiimba wimbo wa kanisani kwao kwa Kilingala, akiukatisha kila kona.

Tulisimama Koboko kabla ya kuingia barabara ya udongo. Mke mwenzangu alishuka, akalizunguka tela akiweka kiganja kwenye kila tairi na kila kikombe cha chuma cha katikati ya gurudumu, kama mama anayewapima homa watoto waliolala kwa mstari. Ekseli ya mwisho, upande wa kushoto, alirudisha mkono haraka.

"Hii iko moto," akasema. "Zile zingine ziko vuguvugu tu. Hii inaunguza."

Niliweka mkono nikautoa. Kulikuwa na harufu, kama nguo iliyoachwa chini ya pasi. Mzee alichungulia chini, akasonya. Breki ya gurudumu lile ilikuwa imeshika na haikuachia. Kulala kule kote nyuma ya nyumba kulikuwa kumeifunga kwa kutu, na matairi mapya yalikuwa yanazunguka huku yameshikwa.

Mkandarasi, aliyekuwa mbele yetu na gari lake dogo, alipiga simu. Nilimpa mke mwenzangu aongee.

"Mama, vibarua wananingoja Ludara! Ni hapo tu, fungeni safari, mtatengeneza mkifika."

"Hatuondoki," akasema.

"Nawalipa kwa siku wale watu!"

"Na sisi tumelipa kwa pikipiki ya marehemu. Tairi hii ikiungua, hakuna pikipiki nyingine. Hatuondoki, bwana. Kuja uone."

Alikuja, amenuna. Wakati huo yule fundi wa matairi alikuwa amekwisha kutoa magurudumu mawili ya upande ule. Alimwonyesha mkandarasi springi iliyokatika na ngoma ya chuma ya breki iliyogeuka rangi ya samawati kwa moto. Mkandarasi aliichungulia, akapiga mluzi mdogo. Kisha akapiga simu Ludara akawaambia vibarua wake wapumzike mpaka kesho. Alipokata simu alituletea soda.

Fundi alitafuta springi Koboko nzima mpaka akaipata. Tulilala kwa mke mwenzangu, na asubuhi tukaingia udongo. Barabara ile ina mawe yanayochomoza kama meno, na kuna madaraja mawili ambayo mzee aliyavuka akiwa amefunga mdomo, bila wimbo. Tela lilikuja nyuma yetu zito na tulivu. Tulipofika, vibarua walikuwa wamepanga mstari wa kupokea saruji. Wanawake kadhaa wa pale, wawili wajawazito, walikuwa wamekaa ukingoni mwa msingi uliochimbwa, wakiangalia. Mmoja aliniuliza kwa Kikakwa, na mke mwenzangu akanitafsiria: alitaka kujua kama nyumba itaisha kabla hajajifungua. Nilitazama tumbo lake, nikatazama msingi, nikaona itambidi azae kwanza. Mke mwenzangu alimwambia wa pili atazaliwa ndani. Yule mama alicheka, akasema wa pili haji.

Tulimaliza kazi ya Ludara, safari zote. Baadaye tulibeba mbao, tulibeba mahindi kutoka Midia, na mara moja jiwe kwenye barabara ya Kuluba lilichana ubavu wa tairi moja vibaya hata kiraka hakikusaidia. Tulilitoa, tukaweka la akiba, tukarudi kwa yule Mkongo tukatafuta ndugu yake. Mengine yote bado yanatembea. Kila mwezi tunayapima, mimi nikishika tochi na yeye akishika kipimo.

Siku hizi mke mwenzangu akija Arua haulizi alale wapi. Juzi nilikuwa nashona sare za shule, yeye yuko uani amekaa kwenye kigoda anachambua mboga, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Mtu alikuwa anataka kupakia nondo zaidi ya kiasi, akiahidi nyongeza nono. Nilisimamisha mashine nisikie.

"Hapana, mzee," akamwambia. "Hiyo hatubebi. Fanya safari mbili, ama tafuta tela ingine."

Mtu yule aliendelea kubembeleza. Yeye akaendelea kuchambua mboga.

"Nimesikia," akasema. "Mbili."

Nikakanyaga mashine yangu, nikaendelea kushona.